SOMO: PIKIPIKI YA CHAMA IKIBADILISHWA UMBO



Masomo ya kurasa hizi aghalabu huhusu vitabu vya hesabu, mikutano na haki za mwanachama. Safari hii somo linahusu pikipiki. Msidhani kwamba tumeacha kazi yetu na kuingilia ya mafundi. Siku hizi vyama vingi vya msingi vinamiliki pikipiki za kukusanyia maziwa, kupelekea pembejeo na kumfikisha karani kwenye vituo vya kupokelea mazao. Nyingi hazibaki kama zilivyotoka kiwandani: keria hurefushwa, shokapu huinuliwa, mkono wa nyuma hukatwa na kuungwa. Hayo yote hulipiwa kwa fedha ya chama, na kila fedha ya chama inayotoka ina hati yake. Hapo ndipo mkaguzi anapohusika, na hapo ndipo mimi nilipokosea.

1. JAMBO LILILOTULETEA SOMO HILI

Chama kimoja cha wafugaji, katika wilaya ya milimani, kilinunua pikipiki ya kubebea maziwa kutoka vituoni hadi kwenye tangi la kupozea. Pikipiki ilibeba madebe mawili ya lita 20. Maziwa yalipoongezeka, Bodi ikaamua ibebe manne. Fundi aliitwa, akaunda keria ndefu ya chuma iliyotokeza nyuma ya gurudumu. Kwa kuwa mzigo ulibonyeza shokapu hata tairi likasugua madigadi, aliziongezea shokapu zote mbili vipande vya chuma vya milimita 50 ili nyuma ipande juu. Walipoijaribu ikiwa na madebe manne yaliyojaa, ilisimama sawasawa kama ilipokuwa mpya. Wote waliridhika.

Mwaka huo nilikwenda kukagua vitabu vya chama hicho. Nilikuta hati ya malipo yenye maneno matatu: "Kutengeneza keria, pikipiki." Stakabadhi ya fundi ilikuwapo, saini zilikuwapo, na jumla ilikubaliana na daftari la fedha taslimu. Nikaweka alama yangu, nikafunua ukurasa uliofuata.

Baada ya miezi mitatu, kijana aliyekuwa akiendesha pikipiki ile alianguka kwenye mteremko wa changarawe akavunjika mguu. Katika mkutano mkuu lawama zilikuwa nyingi. Wengine walisema alizidisha mzigo. Akasimama mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akasema: "Mzigo gani? Alikuwa anarudi na madebe matupu." Mkutano ukanyamaza. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, ndugu mkaguzi, hati ile uliipitisha. Ulikagua nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekagua karatasi, pikipiki yenyewe sikuitazama. Tangu siku hiyo nimejifunza jambo hili kwa mafundi na kwa vitabu, na ninayoandika hapa ndiyo majibu niliyopaswa kumpa mama yule.

2. VIPIMO VINNE VINAVYOTAWALA MWENDO WA PIKIPIKI

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Pikipiki haisimami barabarani kwa uhodari wa dereva peke yake. Aliyeiunda alipanga vipimo vyake, na kila kimoja kinategemea kingine. Vinne ndivyo vikubwa.

Kwanza, urefu kati ya ekseli mbili. Ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Urefu huu ukiwa mkubwa, pikipiki hutulia katika njia iliyonyooka lakini hukata kona kwa uzito. Ukiwa mdogo, huwa nyepesi kugeuka na nyepesi kuyumba.

Pili, mlalo wa usukani. Itazameni pikipiki kwa ubavuni. Bomba ambalo usukani huzungukia ndani yake halikusimama wima, limelala kuelekea nyuma. Katika pikipiki nyingi za barabarani, mlalo huo ni kati ya nyuzi 24 na nyuzi 30 kutoka wima.

Tatu, mfuato. Jina hili nimelichagua mimi, kwa sababu laeleza kazi yake. Tazameni magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali. Muuguzi akisukuma kitanda, kila gurudumu hujigeuza lenyewe likafuata nyuma ya ekseli yake iliyosimama. Halihitaji kuelekezwa, kwa sababu mahali linapogusa sakafu pako nyuma ya mahali linapozungukia. Gurudumu la mbele la pikipiki ni hivyo hivyo. Tukiuendeleza kwa mawazo mstari wa bomba la usukani hadi ardhini, utagusa mahali fulani mbele, ilhali tairi linagusa ardhi nyuma kidogo ya hapo. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio mfuato. Katika pikipiki nyingi ni milimita 80 hadi 120. Ndio unaolirudisha gurudumu katika njia linapogongwa na jiwe.

Nne, kitovu cha uzito. Ni mahali ambapo uzito wote wa pikipiki, dereva na mzigo tungeweza kuuhesabu kana kwamba umekusanyika. Kikipanda juu au kikirudi nyuma, gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito, na gurudumu lisilo na uzito haligeuzi chombo wala halishiki breki.

La kukumbukwa kuliko yote ni hili: hakuna fundi awezaye kubadili kipimo kimoja vingine vikabaki vilivyo. Aliyeinua nyuma hakugusa usukani hata kidogo, lakini mlalo wa usukani ameubadili.

3. KUPIMA MFUATO KWA TIMAZI

Kazi hii haihitaji mashine. Zatakiwa timazi la mwashi, ubao mwembamba ulionyooka, chaki na futi ya utepe.

(a) Simamisheni pikipiki wima juu ya sakafu iliyo sawa, magurudumu yote mawili chini, usukani ukitazama mbele. Watu wawili waishike. Msitumie stendi ya katikati, maana huinua gurudumu moja.

(b) Wekeni ubao ubavuni, ulale sambamba na mstari wa katikati ya bomba la usukani, ushuke hadi sakafuni. Msifuate mabomba ya foki, kwa sababu foki zimetangulizwa mbele kidogo na vibamba vinavyozishika. Mahali ubao unapogusa sakafu, wekeni alama A.

(c) Ning'inizeni timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele. Linapoelekea sakafuni, wekeni alama B.

(d) Pimeni kutoka A hadi B. Huo ndio mfuato. Alama A lazima iwe mbele ya alama B.

(e) Rudieni dereva akiwa ameketi, kisha mzigo ukiwa umepakiwa. Andikeni vipimo vyote vitatu.

Kupima hivi kwaweza kukosea kwa milimita kadhaa, lakini kwatosha kuonyesha tofauti ya kabla na baada ya kazi ya fundi.

4. MABADILIKO YA KAWAIDA NA MATOKEO YAKE

Ili tuelewane, tuchukue mfano wa pikipiki moja yenye vipimo hivi: urefu kati ya ekseli milimita 1,280, mlalo wa usukani nyuzi 27, nusu kipenyo cha gurudumu la mbele pamoja na tairi milimita 300, foki zimetangulia mbele ya bomba la usukani kwa milimita 50. Kwa hesabu, mfuato wake ni milimita 97. Ina uzito wa kilo 115, na dereva wake ana kilo 65.

(a) Kuinua nyuma. Shokapu zikirefushwa milimita 50, nyuma ya pikipiki haipandi kwa milimita 50 kamili. Ikiwa shokapu zimefungwa mbele kidogo ya ekseli, yaweza kupanda hata milimita 60. Pikipiki nzima huinama mbele kwa karibu nyuzi 2.7. Mlalo wa usukani washuka kutoka nyuzi 27 hadi 24.3, na mfuato wapungua kutoka milimita 97 hadi 81. Dereva ataona usukani umekuwa mwepesi. Mjini, penye lami na kona nyingi, anaweza hata kuusifu. Penye mashimo atauona ukicheza mikononi. Kushusha mbele, kwa kuzipandisha foki ndani ya vibamba vyake, huleta matokeo ya namna hiyo hiyo.

(b) Kurefusha keria. Hapa ndipo vyama vyetu vinapojidanganya zaidi, kwa kuwa macho huona nafasi tu. Pikipiki ya mfano wetu ikiwa na dereva, gurudumu la mbele hubeba kama kilo 72 na la nyuma kilo 108. Sasa tupakie madebe manne. Lita 80 za maziwa zina kilo 82 na zaidi, na pamoja na madebe yenyewe ni karibu kilo 100. Keria ndefu ikiweka katikati ya mzigo huo milimita 250 nyuma ya ekseli ya nyuma, mzigo wageuka kuwa mizani ya kubembea: unakandamiza nyuma na kuinua mbele. Hesabu yake ni uzito mara umbali, kugawanywa kwa urefu kati ya ekseli: 100 mara 250, gawanya kwa 1,280. Jibu ni karibu kilo 19.5. Hizo ndizo kilo zilizoondolewa mbele. Gurudumu la mbele linabaki na kilo 52 na nusu, na la nyuma linabeba kilo 227 na nusu.

Hayo ni mahali tambarare. Mlimani ni vibaya zaidi. Tuchukue kitovu cha uzito kuwa milimita 750 juu ya ardhi, na mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 5 za mbele. Uzito unaohamia nyuma ni kama kilo 33, na mbele hubaki karibu kilo 20. Dereva akiongeza mafuta kwa ghafula, hizo nazo huweza kutoweka. Ndipo tunaposikia kwamba pikipiki "ilimkatalia kona" wakati wa kupanda. Pikipiki haikumkatalia: gurudumu la kugeuzia lilikuwa karibu haligusi ardhi.

Linganisheni: mzigo ule ule ukitundikwa pande mbili za pikipiki, chini, katikati yake ikiwa milimita 100 mbele ya ekseli ya nyuma, mbele huongezewa karibu kilo 8 badala ya kupunguziwa 19 na nusu. Kilo ni zile zile. Tofauti ni mahali pa kuziweka. Hata hivyo nyuma bado itabeba kilo 200, nanyi hamna budi kutazama kitabu cha mtengenezaji ili mjue kama kiasi hicho kinaruhusiwa.

(c) Kurefusha mkono wa nyuma. Wengine, wakiliona tatizo la keria, huukata mkono unaoshika ekseli ya nyuma na kuuunga ili gurudumu lirudi nyuma. Kwa upande wa mizani ya uzito, wazo hili lina mantiki, kwani ekseli husogea kuelekea chini ya mzigo. Lakini lina gharama nne. Shokapu hulemewa: mkono wa milimita 450 ukifanywa 550, na shokapu zikibaki zilipofungwa, uzito ule ule juu ya gurudumu utazikandamiza kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 22. Cheni huhitaji pingili za ziada, na ikilegea huruka meno. Fimbo ya breki lazima irefushwe, na pembe yake na kijimkono cha breki ikiharibika, mguu hukanyaga kwa nguvu nyingi na breki hushika kidogo. La nne ndilo la hatari zaidi: kiungo chenyewe. Chuma kilichochomelewa hudhoofika pembeni mwa weldi, na mkono ule hupindwa maelfu ya mara kwa siku moja ya barabara mbovu. Ufa huanza mdogo kama unywele, chini ya rangi mpya.

(d) Kurefusha foki za mbele. Vyama havina haja nayo, lakini vijana wengi huipenda kwa mapambo, nasi tuwaeleze ilikotoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, waendesha pikipiki wa Marekani, wengi wao askari waliorudi nyumbani, walikuwa wakivua vyuma visivyo na lazima ili kupunguza uzito. Katika miaka ya 1960, hasa California, desturi hiyo iligeuka kuwa kukata fremu na kurefusha foki mbele. Filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ilieneza umbo hilo duniani kote. Pikipiki mbili mashuhuri za filamu ile ziliundwa na mafundi Weusi, Cliff Vaughs na Ben Hardy, ambao kwa muda mrefu sifa zao hazikutajwa.

Katika mfano wetu, foki zikirefushwa milimita 100, mlalo huongezeka hadi karibu nyuzi 31 na mfuato hadi milimita 122. Katika barabara ndefu iliyonyooka pikipiki hutulia. Lakini katika mwendo wa polepole usukani huwa mzito, gurudumu hutaka kuangukia upande linapogeuzwa, na kitovu cha uzito hupanda. Barabara pana za California zilivumilia hayo. Njia ya kijijini, yenye mbuzi, watoto na kona za ghafula, haivumilii.

Msiseme kwamba kubadili umbo ni kosa siku zote. Nchini Uingereza, vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walichukua fremu ya Norton iliyosifiwa kwa utulivu, kazi ya Rex McCandless na nduguye iliyoonekana mashindanoni mwaka 1950, wakaitia injini ya Triumph. Pikipiki hizo ziliitwa Triton na zingali zinapendwa. Waliochukua fremu ile waliijua sifa yake kabla ya kuigusa. Jambo hilo ndilo linalokosekana kwetu: hatujui tunachogusa.

(e) Tairi na rimu. Rimu kubwa mbele huinua mbele. Kubwa nyuma huinua nyuma. Tairi pana kupita kiasi hugusa cheni au mkono wa nyuma. Na tairi lililopungua upepo hufanya vipimo vyote tulivyovitaja kuwa kazi bure. Pimeni upepo kabla ya kumlaumu fundi.

5. KWA NINI ALIANGUKA AKIWA HANA MZIGO

Sasa turudi kwa mama yule na swali lake.

Pikipiki ya chama kile ilijaribiwa ikiwa imejaa. Madebe manne yalibonyeza shokapu zilizoinuliwa, nyuma ikashuka, mlalo wa usukani ukarudi karibu na ulivyokuwa. Ndiyo sababu wote waliiona nzuri. Lakini nusu ya safari za pikipiki ya maziwa ni za kurudi na madebe matupu, na hakuna aliyeijaribu tupu.

Ilipokuwa tupu, nyuma ilipanda juu, na kwa vipimo vya mfano wetu mfuato ungekuwa milimita 81. Mteremkoni dereva alifunga breki ya mbele. Foki zikabonyea, na mbele ikazidi kuinama. Foki zikibonyea milimita 50, mlalo hupungua nyuzi nyingine 2 na mfuato hushuka hadi karibu milimita 69. Pikipiki ambayo haikuguswa, katika mteremko ule ule na kwa breki ile ile, ingebaki na milimita 85. Wakati huo huo, keria ya chuma yenye madebe manne matupu ilikuwa ikiyumba nyuma ya gurudumu kama mkia. Gurudumu la mbele likaingia katika ufuo uliochimbwa na mvua, usukani ukaanza kupiga kushoto na kulia, naye hakuweza kuukamata tena.

Kila jambo peke yake pengine lingevumilika. Zipo pikipiki zenye mfuato wa milimita 80 zinazokwenda vizuri, kwa kuwa zimeundwa hivyo tangu mwanzo. Hapa mambo matatu yalikutana, na yote matatu yalitoka katika kazi moja iliyolipiwa kwa hati moja.

Tena yupo aliyejua. Nilipolisoma upya daftari la safari, nilikuta kijana yule ameandika mara mbili, kwa mwandiko wake: "Usukani unacheza nikirudi." Daftari lilitiwa saini kila juma, wala hakuna aliyeuliza anacheza na nini. Nami daftari lile nililifungua wakati wa ukaguzi, nikajumlisha kilomita na lita za petroli, nikalifunga.

Kisha ikaja habari ya bima. Swali la kwanza la bima lilikuwa fupi: je, chama kilitoa taarifa kwamba chombo kimebadilishwa? Hakikutoa. Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi mingi, na mwishowe matengenezo yalilipwa kutoka katika akiba ya chama, fedha ambayo wanachama walikuwa wameitenga kwa ajili ya dawa za mifugo. Mguu wa kijana umepona, lakini anachechemea.

6. UTARATIBU UNAOFAA

Kutokana na hayo, nashauri kila chama chenye pikipiki kifuate utaratibu huu.

Kwanza, chombo kiwe na kadi yake. Ndani ya kadi ziandikwe, tangu siku ya kununuliwa, urefu kati ya ekseli, mfuato uliopimwa kwa timazi, urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu, saizi za tairi, na uzito wa juu unaoruhusiwa na kitabu cha mtengenezaji.

Pili, badiliko lolote la umbo liamuliwe na Bodi kwa muhtasari. Muhtasari useme nini kitabadilishwa, kwa haja gani, na kama njia nyingine zilifikiriwa.

Tatu, dereva aitwe na asikilizwe. Yeye ndiye anayekaa juu ya uamuzi wetu.

Nne, baada ya kazi, pikipiki ipimwe upya na kujaribiwa mara mbili: ikiwa imejaa na ikiwa tupu, kwa kupanda na kwa kushuka, kwanza polepole. Dereva atie saini kwenye kadi kwamba ameridhika. Asiporidhika, vyuma vya zamani virudishwe. Kwa hiyo vyuma vya zamani vihifadhiwe stoo na kuandikwa katika daftari la mali, visiuzwe kama chakavu juma hilo hilo.

Tano, Katibu aandike barua kwa kampuni ya bima kabla chombo hakijarudi barabarani, na kuweka nakala ya barua na ya jibu katika jalada. Aulize pia mamlaka zinazohusika na vyombo vya barabarani kama badiliko hilo linakubalika.

Sita, hati ya malipo ieleze kazi kwa ukamilifu. "Kutengeneza keria" si maelezo. Maelezo ni haya: "Kuunda keria ya chuma iliyotokeza milimita kadhaa nyuma ya ekseli, kuongeza milimita 50 kwenye shokapu mbili, rejea muhtasari wa Bodi wa tarehe fulani."

Saba, safu ya maoni katika daftari la safari isomwe. Anayeweka saini bila kusoma ameidhinisha asichokijua. Namwambia hivyo Katibu, nami najiambia.

7. BADALA YA KUBADILI

Kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea, Bodi ijiulize maswali matatu. Je, mzigo waweza kutundikwa chini, pande mbili, badala ya nyuma? Je, safari mbili za madebe mawili zinagharimu zaidi ya safari moja ya manne, tukihesabu petroli na muda, kisha tairi, shokapu na hatari? Na ikiwa mzigo umekua kweli, je, si wakati wa kununua guta la magurudumu matatu, peke yetu au kwa ubia na chama jirani? Ushirika ulianzishwa kwa ajili ya swali kama hilo la tatu. Mkulima mmoja hana budi kurefusha keria yake kwa sababu hana mwenzake. Sisi tunao wenzetu.

Guta nalo lina kanuni zake. Halianguki kwa kukosa mfuato, lakini likikata kona kwa kasi, mzigo ukiwa juu, hupinduka. Hilo ni somo la siku nyingine.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Pimeni mfuato wa pikipiki ya chama chenu kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3, ikiwa tupu na ikiwa imepakiwa. Tofauti ni milimita ngapi? Elezeni kwa nini.

2. Pikipiki ina urefu wa milimita 1,250 kati ya ekseli. Gunia la kilo 60 limefungwa, katikati yake ikiwa milimita 200 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele limepunguziwa kilo ngapi? (Jibu: kilo 9 na sehemu 6 za kumi.)

3. Tafuteni hati za malipo za matengenezo ya vyombo za mwaka uliopita. Ni ngapi ambazo mwanachama ambaye hakuwapo anaweza kuzisoma akajua ni nini hasa kilichofanywa?

4. Fungueni daftari la safari. Dereva ameandika nini katika miezi mitatu iliyopita, na nani amemjibu?

Mama yule bado ni mwanachama. Katika mkutano mkuu uliofuata alikuja ofisini mapema, akaomba kuiona kadi ya pikipiki, akaisoma mstari kwa mstari huku nimesimama. Alipomaliza aliniuliza kama na tupu nayo ilijaribiwa. Nikamwonyesha saini ya dereva. Akasema, "Haya, mwanangu, sasa umekagua."

Wenu katika Ushirika,
Mkaguzi wa Vyama